Uchaguzi Usio na Mwenyewe: Vietnam, Julai 1956

Anayetaka kuelewa jinsi nchi iliyogawanyika inavyoweza kuahidiwa muungano kwa njia ya kura, kisha kura yenyewe isipigwe, asianze na hotuba za wanasiasa. Aanze na maandishi mawili yaliyokamilishwa Geneva, kwenye mkutano wa kumaliza vita kati ya Ufaransa na jeshi la Wakomunisti wa Ho Chi Minh, usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 Julai 1954, ayaweke ubavu kwa ubavu, na ahesabu. Mkataba wa kusitisha mapigano nchini Vietnam una ibara 47. Azimio la Mwisho la mkutano huo lina aya 13, na kati ya hizo ni moja tu, ya saba, inayoeleza namna nchi itakavyopata serikali moja. Nimeyarudia maandishi haya mara kadhaa, na kila ninapoyarudia hunishangaza jambo lile lile: waliokaa Geneva walijua vizuri sana jinsi ya kutenganisha majeshi, lakini kuhusu kuwaunganisha watu walichoweza kukubaliana ni mwezi na mwaka.

Tazama kwanza ufundi wa mkataba wa kijeshi. Mapigano yalipangwa kukoma Kaskazini tarehe 27 Julai, katikati tarehe 1 Agosti na Kusini tarehe 11 Agosti, kwa kuwa amri huchukua muda kumfikia askari wa mwisho. Majeshi ya Ufaransa yalipewa siku 80 kuondoka eneo la Hanoi, siku 100 kuondoka Hai Duong na siku 300 kuondoka Haiphong. Mstari wa muda ulifuata mto Ben Hai, karibu na latitudo ya 17, na pande zote mbili za mstari huo ukatengwa ukanda usioruhusiwa askari, upana wake usizidi kilomita tano kila upande. Hata vituo 14 ambako timu za kudumu za wakaguzi wangekaa vilitajwa kwa majina, saba Kaskazini na saba Kusini, kuanzia Lao Kay kwenye mpaka wa China hadi Tan Chau karibu na Kambodia. Mtu aliyeandika haya alikuwa na ramani mezani na kalenda ukutani.

Sasa tazama aya ya saba. Inasema kwamba uchaguzi mkuu utafanyika Julai 1956, kwa kura ya siri, chini ya usimamizi wa tume ya kimataifa itakayoundwa na wawakilishi wa nchi zilizomo katika tume ya kusimamia usitishaji wa mapigano, na kwamba mashauriano baina ya mamlaka za kanda mbili yataanza tarehe 20 Julai 1955. Haisemi nani ataandaa daftari la wapiga kura. Haisemi kama wananchi watachagua bunge au rais, wala viti vitagawanywaje baina ya Kaskazini, iliyokuwa na watu wengi zaidi, na Kusini. Haisemi polisi wa nani watalinda vituo, wala kama mgombea wa Saigon ataweza kufanya mkutano wa hadhara Hanoi, au wa Hanoi akafanya Saigon. Maswali haya yote, ambayo kwa mtu aliyewahi kusimamia hata uchaguzi wa chama cha ushirika ndiyo uchaguzi wenyewe, yaliachiwa mashauriano ya mwaka uliofuata.

Upungufu huo haukutokana na usahaulifu. Ulitokana na jinsi tarehe ilivyopatikana. Pham Van Dong, aliyeongoza ujumbe wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Vietnam, yaani serikali ya Ho Chi Minh, alitaka kura ipigwe mapema, ndani ya miezi michache, wakati ushindi wao dhidi ya Wafaransa huko Dien Bien Phu tarehe 7 Mei ungali moto. Ufaransa ilitaka tarehe isitajwe kabisa. Waziri Mkuu Pierre Mendès France alikuwa ameliahidi bunge lake kwamba angejiuzulu iwapo hangepata suluhu kufikia tarehe 20 Julai, na saa zilikuwa zikiyoyoma. Wakati huo huo pande hizo zilikuwa zikivutana juu ya mstari: Wavietnam walianza chini kabisa, wakapanda hadi latitudo ya 16, Wafaransa walishikilia ya 18. Vyacheslav Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Muungano wa Kisovieti, ndiye aliyekata mambo yote mawili: mstari latitudo ya 17, uchaguzi baada ya miaka miwili. Kwa hiyo miaka miwili haikuwa hesabu ya muda unaohitajika kuandaa upigaji kura. Ilikuwa bei ya mwisho katika mnada. Nayo Marekani, ambayo haikuwa mnunuzi rasmi, ilikuwa na hesabu yake: katika telegramu ya tarehe 7 Julai 1954, waziri wake wa mambo ya nje, John Foster Dulles, aliwaelekeza wanadiplomasia wake kwamba, kwa kuwa uchaguzi ungeweza kuiunganisha Vietnam chini ya Ho Chi Minh, ilikuwa muhimu zaidi ufanyike baada ya muda mrefu iwezekanavyo kutoka siku ya kusitisha mapigano.

Kisha kuna suala la sahihi, ambalo wanahistoria wamelijadili sana na ambalo mimi naliona kuwa dalili zaidi kuliko chanzo. Mkataba wa kijeshi ulitiwa sahihi na watu wawili, Jenerali Henri Delteil kwa niaba ya majeshi ya Ufaransa na washirika wake, na Ta Quang Buu, naibu waziri wa ulinzi, kwa niaba ya jeshi la Ho Chi Minh. Azimio la Mwisho, lenye ahadi ya uchaguzi, halikutiwa sahihi na mtu yeyote. Marekani ilikataa kujiunga nalo. Mjumbe wake, Walter Bedell Smith, alisoma tamko la pekee, kwamba nchi yake isingetumia nguvu kuvuruga makubaliano, na kwamba iliendelea kuunga mkono umoja kwa njia ya uchaguzi huru unaosimamiwa na Umoja wa Mataifa, yaani si na tume iliyotajwa katika aya ya saba. Tran Van Do, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Kusini iliyokuwa chini ya mfalme wa zamani Bao Dai, alipinga waziwazi. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini deni hili lilikuwa na mdai anayejulikana bila kuwa na mdaiwa.

Au tuseme mdaiwa alikuwapo, ila alikuwa akifungasha. Ibara ya 14 ya mkataba wa kijeshi ilisema kwamba, hadi uchaguzi wa kuiunganisha nchi ufanyike, utawala wa kiraia katika kila kanda ungekuwa mikononi mwa upande ambao majeshi yake yamekusanywa humo. Kwa Kusini, upande huo ulikuwa Ufaransa. Mpango mzima ulisimama juu ya dhana kwamba Wafaransa wangekuwapo Saigon hadi Julai 1956 na wangekuwa na uwezo wa kumwambia mtawala wa huko kwamba siku imefika. Lakini Ngo Dinh Diem, aliyechukua uwaziri mkuu wa serikali ya Bao Dai mwanzoni mwa Julai 1954, alikuwa na shabaha ya kuwaondoa, na alifaulu. Kamandi kuu ya Ufaransa ilivunjwa tarehe 28 Aprili 1956, chini ya miezi mitatu kabla ya mwezi uliopangwa. Ibara ya 27 ilitaja kwamba warithi wa waliotia sahihi wangewajibika vilevile, na Hanoi iliishikilia sana hoja hiyo. Ila kumwita mtu mrithi wa deni ambalo waziri wake alisimama mkutanini kulikana ni kazi ngumu, hata kama sheria iko upande wako.

Tarehe 16 Julai 1955, siku nne kabla ya mashauriano kuanza, Diem alitangaza redioni kwamba serikali yake haikufungwa na makubaliano ambayo haikuyatia sahihi, na kwamba uchaguzi ungekuwa na maana pale tu ambapo ungekuwa huru kweli, jambo ambalo hakuamini kuwa lingewezekana chini ya utawala wa kikomunisti. Hoja yake ya pili haikuwa ya kipuuzi. Kaskazini kulikuwa na chama kimoja chenye nguvu kilichokuwa kikiendesha mageuzi ya ardhi kwa mahakama za hadhara na adhabu za kifo, hata viongozi wenyewe wakaja kukiri makosa, na mnamo Novemba 1956 wakulima wa Quynh Luu, mkoani Nghe An, waliinuka dhidi ya serikali na kuzimwa na jeshi. Ugumu ni kwamba mtoa hoja hakuwa na mikono safi. Tarehe 23 Oktoba 1955 Diem aliendesha kura ya maoni ya kumwondoa Bao Dai, akatangaza kuwa amepata zaidi ya asilimia 98. Katika Saigon peke yake alihesabiwa kura 605,025, ilhali waliojiandikisha mjini humo walikuwa kama 450,000. Siku tatu baadaye akatangaza jamhuri na yeye akawa rais wake.

Hapa ndipo huwa nasitasita ninapowasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba uchaguzi wa 1956 ungefanyika, Ho Chi Minh angeshinda na vita isingekuwapo. Wengi humtaja Eisenhower, rais wa Marekani wa wakati huo, ambaye baadaye aliandika kwamba kila mtu mwenye ujuzi aliyezungumza naye alikubali kuwa pengine asilimia 80 ya wananchi wangemchagua Ho. Maneno hayo aliyaandika kweli, lakini yalihusu kura ambayo ingepigwa wakati wa mapigano, na mpinzani aliyetajwa alikuwa Bao Dai, si Diem. Sina shaka kwamba Ho alikuwa na umaarufu usio na mfano nchini humo. Swali ninalolijali ni jingine: kura hiyo ingepigwaje, na wananchi wa pande zote wangekuwa na sababu gani ya kuamini hesabu yake?

Jibu la Geneva lilikuwa tume ya kimataifa ya nchi tatu: India kama mwenyekiti, Kanada na Poland. Kwa macho ya 1954 huo ulikuwa uteuzi wa busara, nchi moja isiyofungamana na upande wowote ikiwa katikati ya mbili zilizofungamana. Lakini tume hiyo iliundwa kukagua silaha na usafirishaji wa majeshi. Ingeweza kutoa mapendekezo kwa wingi wa kura, ila pale ambapo ukiukaji ungeweza kurejesha vita, wajumbe wote watatu walipaswa kukubaliana; na ikiwa upande mmoja ungekataa pendekezo, lililobaki ni kuandika ripoti kwa nchi zilizohudhuria mkutano. Haikuwa na askari wa kutosha kulinda masanduku, haikuwa na makarani wa kuandikisha wapiga kura, haikuwa na redio ya kuwaeleza wananchi haki zao. Ilikuwa na magari, kalamu, na wajumbe watatu waliotumwa na serikali zisizokubaliana. Msimamizi wa namna hiyo anaweza kuwa shahidi mzuri wa uchaguzi ulioandaliwa na wengine, lakini hawezi kuuandaa.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linapitwa haraka, nalo kwangu ni zito kuliko suala la sahihi. Zile siku 300 za kukusanya majeshi zilikuwa pia siku ambazo raia waliruhusiwa kuhamia kanda waliyoitaka. Zaidi ya watu 800,000, wengi wao Wakatoliki, waliondoka Kaskazini kwenda Kusini, baadhi yao zaidi ya 300,000 wakiwa ndani ya meli za Marekani. Kutoka Kusini, wapiganaji wa Viet Minh, harakati ya Ho Chi Minh, na baadhi ya familia zao walipanda kwenda Kaskazini, huku wengi wakiamini kwamba wangerejea baada ya miaka miwili. Kwa upande wa ubinadamu ibara hiyo ilikuwa ya rehema, na sitaki kudharau roho zilizookolewa nayo. Kwa upande wa uchaguzi, hata hivyo, ilifanya kinyume cha lililokusudiwa. Kaskazini ilipoteza wapinzani wa serikali yake, Kusini ikapoteza wapinzani waliojipanga vizuri zaidi, na kila kanda ikawa ya rangi moja kuliko ilivyokuwa. Mstari ambao aya ya sita ilisisitiza kuwa haupaswi kwa namna yoyote kuchukuliwa kama mpaka wa kisiasa wala wa nchi ukageuka kuwa mpaka wa kisiasa kwa miguu ya watu wenyewe. Aliyehama Nam Dinh akaishi Bien Hoa angepigia kura wapi, na kwa daftari lipi? Hakuna aliyeulizwa.

Lakini si kwamba ulimwengu haukuwa na somo mbele yake. Miaka saba kabla, Korea ilikuwa imepangiwa jambo lile lile na chombo kikubwa zaidi. Tarehe 14 Novemba 1947 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba uchaguzi ufanyike katika Korea nzima chini ya uangalizi wa tume maalumu ya nchi tisa. Ukraine ya Kisovieti ilikataa kiti chake, na Muungano wa Kisovieti ukaizuia tume kuingia kaskazini mwa latitudo ya 38. Tume ikasimama njia panda: kuvunja kazi, au kupigisha kura pale ilipoweza kufika. Kanada na Australia hazikupenda uchaguzi wa nusu nchi, na wapigania uhuru wazito kama Kim Ku walionya kwamba ungeifanya nusu kuwa nchi kamili. Hata hivyo ulifanyika tarehe 10 Mei 1948. Viti 200 vilipigiwa kura Kusini, na vingine 100 vikaachwa wazi vikisubiri wawakilishi wa Kaskazini. Katika kisiwa cha Jeju, kilichokuwa katika maasi, majimbo mawili hayakupata matokeo halali. Jamhuri ya Korea ilitangazwa tarehe 15 Agosti, na Kaskazini ikajibu kwa kutangaza jamhuri yake tarehe 9 Septemba. Viti vile 100 havikuwahi kukaliwa. Uchaguzi uliotungwa ili kuunganisha ukawa ndio ulioipa mgawanyiko hati.

Ukiweka Korea na Vietnam pamoja utaona kasoro mbili zinazokamilishana. Korea ilikuwa na msimamizi aliyejitayarisha kupigisha kura, ila hakuwa na mlango wa kuingilia nusu ya nchi. Vietnam ilikuwa na tume iliyokubaliwa kuingia pande zote mbili, lakini haikuwa na mpigishaji. Bedell Smith alipodai Umoja wa Mataifa alikuwa akidai muundo wa Korea; upande wa pili ulipoukataa ulikuwa ukikumbuka Korea hiyo hiyo. Ujerumani nayo ilikwisha kuonja: mwishoni mwa 1951 Baraza Kuu liliunda tume ya kuchunguza kama mazingira ya uchaguzi huru yapo katika kanda zote, na Ujerumani Mashariki haikuifungulia mlango.

Je, kulikuwa na njia? Naamini ilikuwapo, ingawa nyembamba, na sehemu zake zilikuja kuonekana baadaye katika nchi nyingine. Namibia haikuwa nchi iliyogawanyika, lakini ilikuwa na tatizo la Geneva kwa sura yake: mtawala anayeondoka, chama chenye silaha kinachotarajiwa kushinda, na wachache wanaoogopa ushindi huo. Kabla ya kura ya Novemba 1989, pande husika zilikuwa zimekubaliana tangu 1982 juu ya misingi ya katiba, ikiwamo kwamba bunge la katiba lingeipitisha kwa theluthi mbili. SWAPO, chama hicho chenye silaha, ilipata viti 41 kati ya 72, ikashinda wazi, lakini haikufikia viti 48. Ikabidi iandike katiba pamoja na walioshindwa. Aidha, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa, Martti Ahtisaari, alikuwa na haki ya kuridhika au kutoridhika na kila hatua ya utawala wa Afrika Kusini uliokuwa ukiendesha zoezi hilo, na alikuwa na polisi wake wa kuwafuatilia polisi wa mtawala. Mshindi aliwekewa ukomo kabla hajajulikana ni nani. Katika aya 13 za Geneva sioni hata sentensi moja inayomweleza atakayeshindwa mwaka 1956 kitakachompata mwaka 1957, isipokuwa katazo la jumla la kulipiza kisasi.

Ujerumani ilipoungana hatimaye, mpangilio ulikuwa umegeuzwa juu chini. Wananchi wa Mashariki walichagua bunge lao wenyewe tarehe 18 Machi 1990. Bunge hilo na la Magharibi yakaridhia mkataba wa muungano. Nchi ikawa moja tarehe 3 Oktoba. Na uchaguzi wa Wajerumani wote ukaja mwisho, tarehe 2 Desemba. Kura ya pamoja iliukuta umoja umekwisha kukubaliwa. Vietnam ilitakiwa kuanza na kura ya pamoja ili umoja uzaliwe humo, yaani serikali mbili kamili, kila moja na jeshi lake, ziingie katika mchezo ambao mmoja angetoka na kila kitu. Hata serikali ya watu wema ingetafuta udhuru.

Mnamo Mei 1956 Uingereza na Muungano wa Kisovieti, kama wenyeviti wenza wa mkutano wa Geneva, ziliandika kutoka London zikizihimiza pande zote kudumisha amani na kuiomba tume iendelee na kazi yake. Barua hiyo ilikuwa ya upole, na upole wake ulionyesha kwamba hakuna dola kubwa iliyokuwa tayari kugombana na nyingine kwa ajili ya tarehe. Julai ikaingia, ikatoka. Tume ya nchi tatu ilibaki nchini, ikiandika ripoti za silaha, hadi makubaliano ya Paris ya 1973 yalipoleta chombo kingine.

Uchaguzi wa Vietnam nzima ulifanyika tarehe 25 Aprili 1976, takriban mwaka mmoja baada ya vifaru vya Kaskazini kuingia Saigon. Walichaguliwa wabunge 492, na tarehe 2 Julai mwaka huo, miaka 20 kamili baada ya mwezi uliotajwa katika aya ya saba, bunge hilo likatangaza nchi moja. Hapakuwa na tume ya kimataifa, wala mpinzani.